Tupeane uzoefu: baada ya uzazi mgumu, ulipangiwa operesheni au ulirudi kujifungua kawaida?

Habari za jioni wapendwa. Nina mimba ya tatu, wiki 31. Leo kliniki daktari kanipa wiki mbili nirudi na jibu: nipangiwe operesheni, au nijaribu kusukuma. Nimetoka pale kichwa kizito. Mliopitia naombeni mnisimulie yalivyokuwa hasa. "Mungu atakusaidia" naipokea kwa mikono miwili, ila mniongezee na lingine.

Uzazi wa kwanza nilikaa na uchungu siku mbili, mwisho mtoto akavutwa kwa vakyumu, nikachanika hadi kwenye misuli ya haja kubwa. Nilishonwa, lakini miezi mitatu sikuweza kuzuia hewa. Misibani nilikuwa nakaa mbali na watu, karibu na mlango. Wa pili alikaa vibaya, uso unatazama juu. Njia ilifika sentimita 8 ikagoma, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, nikakimbizwa tiata saa tisa usiku. Mtoto mzima, ana miaka minne sasa na hatulii. Ila mshono ulitunga usaha, nikaenda kusafishwa kidonda kila siku wiki tatu.

Kwa hiyo nimepita njia zote mbili na zote zimeniumiza. Mama anasema kisu hakizoeleki. Mume yuko kazini Geita, kila nikimpigia ananiambia "chagua utakachoona wewe." Najua anasema kwa upendo, lakini nikikata simu nalia.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Pole mwanangu. Mimi wa kwanza alitanguliza makalio, nikapasuliwa. Wa pili alikuja miaka mitatu baadaye, kakaa vizuri, kichwa chini. Daktari aliniambia neno moja nikalishika: "Wewe hukushindwa kusukuma, hukupewa nafasi ya kusukuma." Nikajaribu. Nililazwa mapema, mkunga hakuniacha, kila baada ya muda mfupi anasikiliza mapigo ya mtoto na kunigusa juu ya mshono akiuliza kama panauma. Saa kumi na moja alfajiri nikajifungua. Niliinuka nikaenda kuoga mwenyewe, mama mkwe akaniletea uji wa pilipili manga nikamaliza bakuli. Kwa ile operesheni nilikuwa nashikiliwa na watu wawili kwenda msalani.

Mama Ng'wana:
Nisimulie na upande wa pili, maana waliofanikiwa ndio wanaopenda kusimulia. Mimi nilijaribu baada ya operesheni moja, masaa 14, njia ikaishia sentimita 6. Nikapasuliwa nikiwa hoi, sina hata nguvu ya kumshika mtoto. Sijutii kujaribu. Ila kama kuna mtu angeniambia mapema kwamba naweza kuumwa uchungu wote kisha bado nikaingia tiata, ningejiandaa kwa moyo tofauti.

Dada wa Dodoma:
Wa kwanza mabega yalikwama. Kichwa kimetoka, mwili haufuati. Wauguzi watatu, mmoja kanikunja miguu hadi kifuani, mwingine anakandamiza juu ya kinena. Dakika chache zile siwezi kuzisahau. Mtoto alikuwa na kilo 4.6, na mkono wake mmoja ulikuja kupata nguvu baada ya miezi minne ya mazoezi. Mimba iliyofuata nikapimwa sukari, ikaonekana iko juu, na mtoto anakua mkubwa tena. Nikasema pangeni tarehe.

Kupangiwa ni tofauti na kukimbizwa, dada. Niliingia kwa miguu yangu, nimefunga kula tangu usiku. Sindano ya mgongo inachoma kidogo, kisha miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Unasikia wanavuta, husikii maumivu. Kilichonishtua ni baridi: nilitetemeka meno yakagongana, nikadhani nakufa, kumbe ni kawaida ya ganzi. Nesi alinifunika kanga yangu mwenyewe juu ya shuka la kijani, nikatulia. Maumivu yanakuja jioni ganzi ikiisha, na kucheka au kukohoa kwa wiki nzima ni adhabu. Shika mto tumboni unapokohoa.

Mkunga Mstaafu:
Nimekaa leba miaka 27. Wengi wenu mnaulizana "ulizaaje", na mimi nataka muulizane "kwa nini ilikuwa vile, na walikata wapi".

Kovu la nje halisemi kitu. Ngozi inaweza kukatwa kwa ulalo, chini ya mstari wa chupi, huku mfuko wa uzazi umekatwa kwa wima. Waliokatwa wima sehemu ya juu ya mfuko hatuwaruhusu kujaribu kawaida, kwa sababu kovu hilo hufunguka kirahisi zaidi. Jibu liko kwenye taarifa ya operesheni. Nenda hospitali uliyopasuliwa ukaombe faili, au tafuta karatasi ya ruhusa. Nimepokea akina mama wengi wasiojua kilichofanyika ndani ya miili yao wenyewe, na usiku wa manane hakuna wa kumpigia simu.

Pili, mwenye kovu asijifungulie zahanati, wala mahali ambapo tiata na damu ya akiba viko safari ya gari. Tatu, mwenye kovu asinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, na asiwekewe vile vidonge vya kuanzisha uchungu. Mfuko unakaza kupita kiasi, kovu linapasuka. Ukiwa kwenye uchungu, ukasikia maumivu ya mshono yasiyoachia hata uchungu ukiachia, au damu inatoka, au uchungu umekata ghafla, piga kelele. Usione haya.

Na wewe mwenye mada, ule mchaniko wako umwambie daktari kwa maneno kamili. Kina mama huwa wanaruka hapo kwa aibu. Kama hadi leo kuna siku hewa au choo kinakuponyoka, hilo peke yake ni sababu ya kuzungumzia operesheni. Kama ulipona kabisa, bado kawaida inazungumzika.

Mswahili wa Leicester:
Huku Uingereza nilipewa takwimu za chama cha madaktari wa uzazi. Wenye operesheni moja wakijaribu kawaida, 72 hadi 75 katika kila 100 hufanikiwa. Kama uliwahi kuzaa kwa njia ya chini hata mara moja, na vakyumu inahesabika, inapanda hadi 85 au 90. Kovu kufunguka wakati wa uchungu ni kama mmoja katika 200. Lakini hizo ni namba za hospitali ambayo mapigo ya mtoto yanafuatiliwa muda wote na tiata iko mlango wa pili, kwa hiyo usizibebe kama zilivyo. Mimi nilichagua operesheni. Waliniwekea wiki ya 39, wakaniambia mtoto akitolewa kabla ya hapo bila sababu anaweza kupata shida ya kupumua.

Baba Watatu:
Nimesoma nikaona nami niseme. Mke wangu alipasuliwa mara tatu. Ya tatu kondo la nyuma lilikuwa limejishikiza kwenye kovu la zamani, likagoma kutoka. Nilitumwa kutafuta watu wa kutoa damu saa mbili usiku, wakaja madereva bodaboda wa kijiweni kwetu, hawajui hata jina la mke wangu. Chupa sita. Mfuko wa uzazi ukatolewa. Yuko hai, namshukuru Mungu. Hakuna aliyetueleza kwamba kila operesheni inaongeza hatari hiyo kwa mimba inayofuata. Tulikuwa tunapanga watoto watano. Kaeni na waume zenu mjue mnataka wangapi kabla ya kuchagua.

Asiyetaka Jina:
Mimi sikupasuliwa kwa wakati. Siku tatu nyumbani, mtoto akafia tumboni, nami nikabaki navuja mkojo. Nilitibiwa hiyo fistula hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, sikulipa kitu. Baadaye nilipopata mimba nilishaambiwa nisirudie uchungu, nikapasuliwa. Binti yangu ana miaka saba. Anayesema operesheni ni uvivu, aje akae na mimi kidogo.

Mwenye mada, mrejesho:
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Bibi Mkunga, nilipanda basi nikafuata faili. Kijana wa masijala alilitafuta saa nzima, likatoka limeliwa kona na panya, lakini ukurasa wa operesheni upo. Nimekatwa chini, kwa ulalo, nje na ndani. Nikapiga picha kwa simu, nikaomba na nakala.

Kwa daktari nilisema na lile la hewa. Nilisema nimetazama ukutani, ila nilisema. Kuna siku bado linanitokea, nikichoka au nikiharisha. Alinisikiliza, akanipima, akanieleza kwamba naweza kujaribu na ninaweza kufanikiwa, lakini nikichanika tena pale pale huenda nisirudi kama nilivyo sasa. Na kwa kuwa huyu ni wa mwisho kwetu, lile la kondo alilosimulia kaka yetu halinihusu sana mbele ya safari.

Nimechagua operesheni, wiki ya 39. Kwa ajili ya ule usaha nimeuliza, nitachomwa dawa ya kuzuia maambukizi kabla hawajakata, na nimepimwa sukari, iko sawa. Uchungu ukinianza kabla ya tarehe, niende moja kwa moja na hiyo nakala mkononi.

Mume ameomba ruhusa, anakuja wiki moja kabla. Mama nilimpigia jana usiku. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekata, kisha akauliza, "Nije na kanga ngapi?"