Kikwangulio nilichokata kwenye msumeno mkuukuu kinatoa unga badala ya maranda, nakosea wapi?

MbaoNgumu (mtoa mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu, hili jambo limenikosesha raha wiki nzima.

Nina meza ya mkangazi naimalizia. Ubao wa juu nyuzi zake zinapishana. Nikipitisha randa kwenda kulia, sehemu moja inalainika na ya jirani inachanika. Nikigeuza randa, panachanika pale palipokuwa safi. Msasa nao unalainisha, lakini unaiacha mbao imepauka kama ina vumbi, na ukishapaka vanishi mikwaruzo yote inajitokeza. Ndipo nikaambiwa nitafute kikwangulio, kile kibapa chembamba cha chuma unachokipinda kidogo kwa vidole gumba na kukisukuma juu ya mbao.

Nikaamua kujitengenezea. Nilikuwa na misumeno miwili ya mkono iliyokwisha kazi. Mmoja ni wa zamani, bapa lake lina kutu lakini ukilipinda linarudi lilivyokuwa. Wa pili ni wa kisasa, ule wenye meno meusi yasiyonolewa. Nimekata kipande kwenye kila mmoja kwa grinda, sentimita 15 kwa 6. Nikapiga tupa ukingoni, nikasugua kwa bisibisi ili kutoa yale makali madogo yaliyopindwa, ndiyo yanayokata.

Cha msumeno wa zamani kinatoa unga tu, tena kinaacha mistari myembamba kwenye mbao. Cha msumeno wa kisasa ndiyo kabisa: ukingo mmoja hata tupa inateleza, haikamati.

Je, chuma ndicho kibaya? Nikichome kisha nikizimishe kwenye maji ili kikomae?

---

Kijana_wa_Karakana

Mkuu, kichome mpaka kiwe chekundu, tumbukiza kwenye maji. Chuma chochote cha msumeno kinakomaa hivyo. Hutajuta.

---

TupaBapa

Mtoa mada, tafadhali usifanye hivyo. Bapa la msumeno limeshakomazwa na kulegezwa kiwandani, na ugumu wake ni uleule unaotakiwa kwa kikwangulio: karibu 50 kwa kipimo cha Rockwell C. Tupa iko 60 na zaidi, ndiyo maana inaweza kulichonga. Patasi nzuri iko karibu 60, ndiyo maana inaweza kulisugua likatii. Ukilichoma na kulizimisha kwenye maji, kibati cha unene usiofika milimita moja kitapindapinda au kupasuka. Kikisalimika kitakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Tupa haitakamata, na makali ukijaribu kuyapinda yatameguka badala ya kulala.

Hebu niambie mambo mawili. Ulipokata kwa grinda, ukingo ulibadilika rangi? Na hiyo bisibisi, ukiipitishia tupa inachongeka?

---

MbaoNgumu

Ukingo ulikuwa wa buluu mahali pengi, pengine pamekuwa kijivu. Nilidhani ni rangi tu, nikapiga tupa juu juu nikaendelea.

Bisibisi nimeijaribu sasa hivi. Tupa inaichonga vizuri kabisa, na ina mikwaruzo mingi kwenye shina.

---

BiRanda

Basi majibu yako umeshayatoa mwenyewe, kaka yangu. Chuma chako ni kizuri. Kilichoharibika ni milimita mbili za ukingo, na chombo cha kusugulia hakifai. Nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu mimi nilitupa vipande vitatu vizuri kabla sijaelewa hili, na bado vinaniuma.

Kwanza rangi. Chuma kikipata moto wa kama nyuzi 220 za Selsiasi kinakuwa na rangi ya majani makavu, kikikaribia 300 kinakuwa buluu. Kikipita hapo na kuwa kijivu, ugumu wake unaondoka. Bati jembamba halina pa kupeleka joto, kwa hiyo diski ya grinda inalipikia palepale ukingoni. Wewe umetengeneza makali kwenye chuma kilicholegea, na makali hayo yanalala chini mara tu yakigusa mkangazi. Chukua tupa, ula ukingo mpaka buluu yote iishe, kisha ongeza milimita moja ya usalama. Usirudi kwenye grinda kwa kazi hii.

Siku nyingine ukikata, chora mstari wako, kisha kwa diski nyembamba piga mfereji usiofika upande wa pili. Pitisha haraka, acha kipoe, pitisha tena. Ukifika nusu ya unene, bana kwenye jiriwa mfereji ukiwa sawa na midomo yake, shika kwa koleo na glavu, vunja. Kinakatika kama biskuti. Na miwani ya kazi ivaliwe muda wote, kwa sababu vipande hivi vikiruka havichagui.

Cha kisasa: yale meno meusi yamekomazwa kwa umeme, na ugumu ule umeingia ndani kidogo kupita shina la meno. Ndipo tupa yako inapoteleza. Ondoa ukanda wa sentimita moja kutoka kwenye meno, chuma kilichobaki nyuma yake kinafaa. Misumeno hiyo mingi imepakwa utando wa kuzuia kutu, uuondoe kwa msasa kwanza, la sivyo utaganda kwenye kinoo.

Sasa ukingo wenyewe, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukingo lazima uwe mraba na uso, nyuzi 90 kamili, na ulainike kama uso wa patasi iliyonolewa. Kwa macho na mkono mtupu hutaweza. Tafuta kipande cha mbao ngumu, kikate kwa msumeno mfereji unaoingiza tupa yako ikisimama ubavu. Bana kikwangulio kwenye jiriwa, laza ile mbao ubavuni mwake, sukuma kwa urefu. Mbao inakushikilia pembe, tupa inakula. Sauti itakwambia: mwanzoni inakwaruza kwa kurukaruka, ukingo ukinyooka inakuwa mluzi mmoja mrefu.

Kisha kinoo. Simamisha kikwangulio juu ya kinoo ukikiegemeza kwenye kibao cha mraba, ukiburuze kwa mshazari usije ukachimba mfereji kwenye kinoo. Mikwaruzo ya tupa ikiisha, laza bapa, sugua nyuso mbili, sentimita ya mwisho tu. Nyuso hizi watu wanazisahau. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, sasa ukilainisha moja na nyingine ukaiacha na kutu, umenoa nusu.

Na hapo ndipo ile mistari yako inapotoka. Kutu huacha vishimo. Kishimo kikiwa ukingoni, makali yanakuwa na pengo, na kila pengo linaacha kamstari kalikoinuka kwenye mbao. Weka kikwangulio kwenye mwanga uangalie sentimita ya mwisho: ukiona nukta nyeusi, endelea kusugua mpaka ziishe, au geuza utumie ukingo ulio safi. Kipande kimoja kina kingo mbili ndefu, kila ukingo una pande mbili, kwa hiyo una makali manne ya kuchagua.

---

TupaBapa

Bi Randa amemaliza. Naongeza la kusugulia.

Unachotaka ni chuma kigumu kuliko kikwangulio na kilicholainika kama kioo. Mgongo wa patasi unafaa ukiushika kwa uangalifu. Pini ya pistoni ya injini ni nzuri mno, nje yake imekomazwa na tayari inang'aa. Roli ndefu ya beringi nayo ni nzuri, itie kwenye mpini wa mbao. Shina la kekee usilitegemee, ncha yake ni ngumu lakini shina mara nyingi ni laini. Kipimo ni kilekile ulichofanya sasa hivi: tupa ikichonga, weka pembeni.

Namna ya kusugua: tone la mafuta ukingoni. Laza kikwangulio kwenye meza, sugua uso wake mara tano sita, chuma kikiwa kimelala kabisa, ili makali yavutike nje. Kisha bana kwenye jiriwa, sugua ukingo ukiwa sawasawa, mara tatu nne. Halafu inamisha chuma cha kusugulia kidogo tu, nyuzi 5 hadi 10, mara mbili au tatu. Basi. Wengi wanakandamiza kama wanapiga pasi jinzi na wanainamisha mno. Ukucha, yaani yale makali yaliyopindwa, ukipindwa sana unageukia ndani, na itakubidi ulaze mikono karibu na mbao ndipo uanze kula.

Nimeuita ukucha kwa sababu ndivyo unavyousikia. Pitisha kidole gumba kutoka katikati ya bapa kwenda nje, kamwe si kwa urefu wa makali. Kidole kikikwama kidogo mwishoni, ukucha upo. Kwa macho huoni kitu.

---

Kijana_wa_Karakana

Nimeelewa, wakuu, naondoa ushauri wangu wa maji. Ila swali: springi za majani za gari je? Nina lundo. Na tupa zilizokwisha?

---

TupaBapa

Springi ni chuma kizuri lakini nene mno kwa kikwangulio cha mkono, hutaipinda kwa vidole. Inafaa kwa vyombo vya mashine ya kukereza. Tupa kuukuu usiipeleke kwenye mashine ya kukereza kama ilivyo. Ni ngumu, haina unyumbufu, ikikamatwa na mbao inayozunguka inavunjika na kipande kinakuja usoni.

Kwa mkono, bapa la msumeno wa mkono ndilo linalonipa raha. Msumeno wa kukatia viungo, ule wenye uti mgongoni, bapa lake ni jembamba zaidi: linapindika kirahisi lakini linachemka haraka. Msumeno wa duara una bapa nene zaidi, kwa kawaida ni laini kidogo kuliko la mkono, ila kwa kukwangua gundi iliyokauka unafaa sana. Gundi huua makali, kwa hiyo tenga kimoja cha gundi usichanganye.

---

MbaoNgumu

Nimerudi, wakuu, na nina furaha kubwa.

Nimekula ukingo wa buluu kwa tupa, karibu milimita tatu nzima. Nimetengeneza kile kibao chenye mfereji na mluzi nimeusikia, sikuamini. Upande mmoja wa bapa ulikuwa na vishimo vya kutu vilivyogoma kuisha, nikageuza. Pini ya pistoni nimeipata kwenye chuma chakavu, nikaing'arisha kwa msasa mwembamba na mafuta.

Mara ya kwanza bado unga. Nikakumbuka habari ya kukandamiza mno. Nikapiga tupa upya, kinoo upya, nikasugua kwa mkono mwepesi. Nikaweka kwenye mkangazi, nikainamisha mbele, nikasukuma. Limetoka randa jembamba kama utando wa kitunguu, likajikunja juu ya vidole vyangu. Pale palipokuwa panachanika kwa randa, pamepita kama hapajawahi kuwa na tatizo. Na rangi! Nyuzi zinaonekana mpaka ndani, hakuna ule upauko wa msasa.

Yamebaki mawili. Vidole gumba vinaungua baada ya dakika chache. Na baada ya robo saa kimerudi kutoa unga, je, ni mpaka nirudi kwenye tupa kila mara?

---

BiRanda

Hongera sana kaka, nimefurahi mno.

Joto ni la msuguano, halikwepeki. Bandika sumaku bapa nyuma ya kikwangulio, zile nyembamba zinazopindika, au zungushia vidole kipande cha ngozi. Mimi nina vikwangulio vinne, kimoja kikichemka nakiweka chini nashika kingine.

Tupa bado. Ukucha ukilala, laza kikwangulio mezani, sugua uso kwa pini kama mwanzo ili makali yatoke tena nje, kisha inamisha nyuzi zile chache. Dakika moja umerudi kazini. Unaweza kurudia hivyo mara tatu nne. Ukiona haukai tena, hapo ndipo urudi kwenye tupa na kinoo, kwa sababu chuma cha ukingoni kimechoka kwa kupindwapindwa.

Na angalizo: usikwangue sehemu moja tu penye kasoro. Kikwangulio kinachimba bonde usiloliona mpaka vanishi ikauke na mwanga upige kwa ubavu. Anza mbali kidogo na kasoro, pita juu yake, malizia mbali.

---

MbaoNgumu

Asante sana dada, na TupaBapa pia. Bapa la zamani limetoa vipande vinne vya mstatili. Kimebaki kile cha puani, chembamba kinachochongoka. Nakaa nacho au nikitupe?

---

TupaBapa

Usikitupe. Kichonge mviringo kwa tupa ya nusu duara, upande mmoja upinde mkubwa na mwingine mdogo. Kunoa kwake ni kulekule, ila kwenye upinde wa ndani tumia msasa uliozungushiwa kijiti badala ya kinoo, na wa nje uupitishe juu ya kinoo ukizungusha mkono taratibu. Viti vyenye vikalio vya kuchimbwa na miguu ya mviringo vinakisubiri hicho.