Migebuka wanne na kuhe watatu: kwa nini jibu si 1/3?

Dada wa Ujiji

Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu yupo kidato cha nne, na jana alirudi nyumbani na swali lililotushinda sote wawili. Kapu lina samaki saba, migebuka wanne na kuhe watatu, na mtu anaingiza mkono bila kutazama na kutoa wawili kwa pamoja. Kuna uwezekano gani kwamba wawili hao watakuwa wa aina tofauti? Mdogo wangu alisema matokeo ni matatu tu, yaani migebuka watupu, kuhe watupu, au mmoja wa kila aina, kwa hiyo jibu ni 1/3. Sikuridhika. Nilikunja karatasi saba ndogo za ukubwa mmoja, nne zenye herufi M na tatu zenye K, nikazitikisa ndani ya bakuli na kutoa mbili mbili mara 60, kila mara nikizirudisha kabla ya kutoa tena. Aina tofauti zilitoka mara 35. Kosa letu liko wapi?

Mwalimu wa Kasulu

Dada, umefanya vyema kujaribu kwa mikono. Mdogo wako hakukosea kuyataja matokeo hayo matatu. Alikosea kuyapa uzito sawa. Kugawa idadi ya matokeo yanayotakiwa kwa idadi ya matokeo yote kunafaa pale tu ambapo kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake ya kutokea. Mkono ulio ndani ya kapu haushiki aina, unashika samaki, kwa hiyo wapeni samaki wenyewe majina: M1, M2, M3, M4, K1, K2, K3. Kisha andikeni jozi zote kwa utaratibu. M1 anaweza kutoka na yeyote kati ya sita waliobaki; M2, kwa kuwa jozi yake na M1 imeshaandikwa, ana watano; M3 ana wanne, na mnaendelea hivyo hadi K2 anapobaki na K3 peke yake. Jumla ni 6+5+4+3+2+1 = 21. Kati ya hizo, jozi za migebuka watupu ni 6, za kuhe watupu ni 3, na zenye mmoja wa kila aina ni 12, kwa kuwa kila mgebuka anaweza kuambatana na kuhe yeyote kati ya watatu. Jibu ni 12/21, yaani 4/7. Katika mara 60 ungetarajia kama 34, nawe umepata 35.

Mkazi wa Urambo, Tabora

Naomba kuongeza tahadhari moja. Mwanafunzi mwingine atasema kwamba samaki wa kwanza ana nafasi 7 na wa pili 6, hivyo matokeo yote ni 42. Yuko sahihi, lakini amehesabu kwa kufuata mpangilio, ambapo M1 kisha K2 ni tokeo tofauti na K2 kisha M1. Basi na juu ya mstari lazima aandike 24. Anayeandika 12/42 amechanganya hesabu mbili, na kosa hilo hujificha sana kwa sababu kila namba ikisimama peke yake haina dosari.

Kosa la mdogo wako lina historia ndefu. Katika karne ya 17 Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliandika juu ya wachezaji wa dadu tatu, ambao waliona jumla ya 10 ikitoka mara nyingi kidogo kuliko 9, ilhali kila moja ya jumla hizo mbili huundwa na michanganyiko sita. Alionyesha kwamba 1, 2 na 6 hutokea kwa njia 6, 2, 2 na 5 kwa njia 3, lakini 3, 3 na 3 kwa njia moja tu. Ukihesabu hivyo hadi mwisho, 9 ina njia 25 na 10 ina njia 27, kati ya 216.

Dada wa Ujiji

Nawashukuru sana. Mdogo wangu amejitungia swali lake: watolewe samaki watatu, na angalau mmoja awe kuhe. Amepata makundi 35, akaondoa 4 yasiyo na kuhe hata mmoja, akaandika 31/35.

Mwalimu wa Kasulu

Ni sahihi. Mwambie ahakiki kwa njia ndefu: makundi yenye kuhe mmoja ni 18, yenye wawili ni 12, yenye watatu ni 1.