Wakuu, nitajuaje kengele ya mgongano wa data ni ya kweli au inapiga kelele bure? Niko Mbeya, kazi inatakiwa Jumatatu

KijanaWaMafiati:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa kompyuta wa kujitegemea hapa Mbeya. Nina programu ya C++ yenye thredi kadhaa (kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu moja), inapokea taarifa kutoka vifaa tofauti kwa wakati mmoja na kuzitunza. Nimeipitisha kwenye ThreadSanitizer, zana ya kunasa thredi zinazogongana kwenye data, ikanimwagia maonyo mpaka nikachoka kuyasoma. Ila programu inafanya kazi vizuri tu. Nasikia hizi zana huwa zinatoa kengele za uongo. Mwenye uzoefu anielekeze namna ya kuzitenga na kuzinyamazisha kwa mkupuo. Mteja anataka kazi Jumatatu. Natanguliza shukrani.

MnyaluHalisi:
Kamwene. Nimeona "mgongano" na "Mbeya" nikajua lori limefeli breki tena pale Iwambi. Kumbe kompyuta. Haya, endeleeni.

Fundi_Seva:
Mkuu, umelikata swali mkia. Programu inafanya nini, na ni namba gani inayolalamikiwa?

Wakati unatafuta majibu, jua kwamba zana hizi hazifanani. Eraser, zana ya zamani ya mwaka 1997, ilikuwa inauliza jambo moja: kila anayeigusa namba hii ameshika kufuli lilelile (kinga inayoruhusu thredi moja tu kwa zamu)? Kama hapana, inalia. Kwa hiyo iliweza kulia hata pale thredi moja imeandika, ikamaliza kabisa, na nyingine ikaja kuandika baadaye kwa utaratibu unaoeleweka. ThreadSanitizer inafuatilia nani kamtangulia nani: nani kafungua kufuli kabla mwenzake hajalishika, nani kamwanzisha nani, nani kamsubiri nani amalize. Thredi mbili zikigusa sehemu moja ya kumbukumbu, angalau moja ikiwa inaandika, na hakuna kinacholazimisha moja itangulie, hapo ndipo inalia. Ikilia usikimbilie kusema inazusha. Uongo wake huja hasa pale ulipounganisha laibrari (msimbo ulioandikwa na wengine) ambayo haikujengwa pamoja na zana hiyo, maana atomiki (hatua zisizoweza kukatizwa katikati) za ndani ya laibrari hiyo haizioni.

MzeeWaMakambako:
Vijana wa siku hizi mnataka njia ya mkato kila mahali. Mimi nimeuza viazi miaka mingi, nimeliwa na lumbesa mpaka nikaacha. Dalali anakujazia gunia, anashonea na kofia juu, wewe unalipwa gunia moja. Ukiuliza anakwambia "mzee, ndiyo utaratibu". Sijui thredi ni nini ila kuzima kengele bila kuangalia kinachoungua sio akili.

KijanaWaMafiati:
Shikamoo mzee. Sijasema nazima zote, nasema za uongo tu. @Fundi_Seva, inayolalamikiwa ni jumla fulani tu, na bendera (alama ya ndiyo au hapana) ya kusimamisha thredi. Nimejaribu sana, jibu linatoka sahihi kila mara.

BintiTukuyu:
Jumla ya nini, kaka?

KijanaWaMafiati:
Jumla ya kilo.

BintiTukuyu:
Kilo za nini? Mbona unatoa neno mojamoja kama mtu yuko kituoni?

KijanaWaMafiati:
Za parachichi, dada. Ni kituo cha kukusanyia, kiko Rungwe. Kuna mizani sita zinatuma uzito kwenye seva moja, na kila mzani una thredi yake. Kreti za mkulima mmoja zinagawanywa kwenye mizani tofauti ili foleni isogee, zote zinaingia kwenye jumla yake. Malipo yanatokana na hiyo jumla.

Msomi_Iyunga:
Watu wanadharau hivi vitu. Agosti 2003 umeme ulikatika sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario, Kanada, watu kama milioni 50 wakakaa gizani. Mojawapo ya sababu ilikuwa mfumo wa kengele kwenye chumba cha uendeshaji kule Ohio. Mgongano wa aina hii ulikwamisha programu, wahudumu wakawa wanaangalia skrini iliyotulia huku njia za umeme zinatoka moja baada ya nyingine.

MnyaluHalisi:
Huku kwetu umeme unakatika bila hata kompyuta.

Jicho_la_Tatu:
Wakuu, hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Nimeperuzi nyuzi za huyu dogo, mwezi uliopita alikuwa anauza chaja za laptop ya Windows. ThreadSanitizer haifanyi kazi kwenye Windows. Maonyo kayapata wapi? Na mzani wa parachichi unahitaji thredi za nini? Pima, andika kwenye daftari, maliza. Huyu anatunga ili apate wa kumfanyia kazi ya chuo bure.

MzeeWaMakambako:
Hata mimi nilihisi.

KijanaWaMafiati:
Mkuu usinivunjie heshima. Laptop ni ya Windows ndiyo, nimewasha Linux ndani yake. Chaja ni biashara ya shemeji. Haya nakuwekea, kwa Kiswahili ili kila mtu aone:

Onyo la 1: thredi ya 3 inaandika baiti 8, mizani.cpp mstari wa 212. Kabla yake thredi ya 5 iliandika baiti 8, palepale 212. Thredi ya 3 haina kufuli. Thredi ya 5 haina kufuli.
Onyo la 2: thredi kuu inaandika baiti 1, bendera ya "endelea". Kabla yake thredi ya 4 iliisoma.
Onyo la 3: ndani kabisa ya laibrari ya kupokea ujumbe, niliipakua ikiwa tayari imejengwa.

Mstari wa 212 ni jumla += kilo; basi.

Fundi_Seva:
Sasa tunaongea. La tatu huenda ni uongo. Ijenge hiyo laibrari upya pamoja na zana, likipotea basi.

La pili watu wengi huliita halina madhara, mimi sikubaliani nao. Tangu C++11 (toleo la 2011), mgongano wa data unaifanya programu nzima kuwa haina maana inayolindwa na kanuni za lugha. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ina haki ya kuifanya programu iisome bendera mara moja, ikaikumbuka, isiiangalie tena. Thredi haitasimama milele. Na usiniletee neno volatile, kwenye C++ haikusaidii hapa. Fanya bendera iwe std::atomic.

La kwanza ni la kweli, halina mjadala. Huo mstari mmoja ni kazi tatu: soma, jumlisha, andika. Mkulima ana kilo 1,200. Mzani wa 3 unasoma 1,200, na wa 5 nao unasoma 1,200. Wa 3 una kreti ya kilo 42, unaandika 1,242. Wa 5 una ya 38, unaandika 1,238. Zile 42 zimekwenda. Majaribio yako ulituma kreti mojamoja, au mizani yote sita kwa mpigo?

KijanaWaMafiati:
Mojamoja. Ila mkuu, uwezekano wa mizani mbili kuandika kwa wakati mmoja ni mdogo sana. Na kufuli litapunguza kasi.

BintiTukuyu:
Kasi gani, na kreti zinabebwa na watu? Kwanza mbona unatetea hivyo? Umeshaikabidhi, eh?

KijanaWaMafiati:
Inafanya kazi tangu msimu uanze. Jumatatu ni malipo ya awamu ya mwisho. Niliweka faili la kunyamazisha huo mstari wa 212 kwa sababu mwenye kituo alikuwa ananisimamia kichwani.

MzeeWaMakambako:
Lumbesa ya kompyuta hiyo.

Fundi_Seva:
Kila kipimo kimoja kimoja kinaandikwa mahali, au unatunza jumla peke yake?

KijanaWaMafiati:
Kinaandikwa. Kila mzani una faili lake.

Fundi_Seva:
Basi jumlisha upya kutoka kwenye hayo mafaili, linganisha mkulima kwa mkulima. Ukikuta tofauti angalia zimeelekea wapi. Kosa la kuchapa linaweza kuzidi au kupungua. Mgongano wa kujumlisha kilo kama huu wako unapoteza tu.

Jicho_la_Tatu:
Hatorudi huyu.

KijanaWaMafiati:
Nimerudi. Wengi wako sawa. Waliotofautiana ni wale wenye kreti nyingi, na wote wamepungukiwa, hakuna hata mmoja aliyezidi. Nimeweka kufuli, bendera nimeifanya std::atomic, nimefuta faili la kunyamazisha, onyo la 1 na la 2 yameisha. Sasa naomba ushauri mwingine: nimwambie mwenye kituo, au nibadilishe jumla kimyakimya kabla ya Jumatatu?

BintiTukuyu:
Baba yangu anapeleka parachichi vituo vya huko. Mwambie leo, na orodha uichapishe.

Msomi_Iyunga:
Rekebisha kwanza ndipo umwambie. Ukianza na kusema atakunyima hela yako.

Jicho_la_Tatu:
Bado nasema chai, ila hiyo ya kwamba zote zimepungua imenifikirisha.

MnyaluHalisi:
Nje ya mada, mche wa Hass huko Rungwe unauzwaje siku hizi?