Koili yangu ilipanda siku mbili kabla ya tetemeko. Ni dalili au najidanganya?

FundiKoili: Wakuu, nina koili niliyoizungusha mwenyewe, mizunguko elfu ishirini ya waya wa shaba, nimeifukia nyuma ya nyumba. Inanasa mawimbi ya sumaku ya chini ya hezi 1. Jumanne usiku mstari wa kwenye mchoro ulipanda, haukushuka hadi alfajiri. Alhamisi ardhi ikatikisika, vikombe vikagongana kabatini. Mke wangu anasema nitangaze. Mimi nimekumbuka tetemeko la Loma Prieta, nikasita.

Mzee wa Vipimo: Umefanya vizuri kusita. Loma Prieta, California, Oktoba 17, 1989, ukubwa 6.9. Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na kipimo pale Corralitos, kilomita 7 tu kutoka kitovu, na wala hakukitega kwa ajili ya matetemeko! Kelele za sumaku zilianza kupanda kama wiki mbili kabla, na yalipobaki masaa matatu zikaruka mno, hasa kwenye hezi 0.01. Wengi wetu tuliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya mchoro ule. Mwaka 2009 wanasayansi Thomas, Love na Johnston wakaichambua upya data ileile, wakasema huenda kifaa chenyewe ndicho kilichokuwa na hitilafu. Na tetemeko la Parkfield, hukohuko California, Septemba 28, 2004, ukubwa 6.0, vipimo vilikuwa karibu kabisa. Kabla ya tetemeko havikuonyesha kitu.

Nuru_77: Umeangalia Kp ya usiku ule, yaani kile kipimo cha 0 hadi 9 cha msukosuko wa sumaku ya dunia? Dhoruba ya jua inaweza kuuyumbisha uga wa sumaku wa dunia kwa mamia ya nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku). Dalili zinazodaiwa za matetemeko mara nyingi hazifiki hata nanotesla chache.

FundiKoili: Nimeangalia sasa hivi. Ilikuwa 6. Aibu naona mimi.

Mzee wa Vipimo: Usione aibu, fukia koili ya pili kilomita nyingi kutoka hapo. Jua likichafuka zote mbili zitapanda karibu sawa. Kama chanzo kiko ardhini, ya mbali itanasa kidogo au isinase kabisa. Halafu nijibu hili: tangu uanze, mstari umepanda mara ngapi bila tetemeko?

FundiKoili: Nimehesabu kwenye daftari. Mara kumi na moja. Na mbili kati ya hizo, sasa nakumbuka, ni pampu ya maji ya jirani.