Crown ya 2013-2014: Royal Saloon au Athlete kwa barabara zetu za Moshi? Naombeni ushauri

Bintiwa_Rau
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nataka kuagiza Toyota Crown, ile bodi ya 210 iliyoanza mwisho wa 2012, bajeti yangu mwisho mil 40 mpaka namba inafungwa. Gari nshaikubali kwa hiyo naomba msinipeleke kwenye Harrier wala Forester. Shida yangu ni kwamba kila nikifungua tovuti za Wajapani nakuta Royal Saloon, Royal Saloon G, Athlete, Athlete S, Athlete G, halafu kuna za Hybrid (petroli na umeme), bei zinapishana mil mbili tatu na kwenye picha mi naona shoo ya mbele na taa za nyuma tu ndo zimebadilika. Mdogo wangu anasema nichukue Athlete, Royal ni ya wazee. Dalali mmoja kaniambia zote ni gari moja nisijisumbue.

Matumizi yangu: naishi Rau, kazi iko Arusha, karibu kila wiki naenda na kurudi. Jumapili nampandisha mama Kibosho, ana tatizo la mgongo na huwa anakaa nyuma. Lami ipo karibu mpaka nyumbani ila kipande cha mwisho ni mawe, masika ikipiga kinakuwa makorongo matupu. Je hizo hela za ziada za Athlete zinanunua kitu cha maana au nalipia muonekano tu?

Fundi_Mianzini
Marahaba dada. Huyo aliyekwambia zote ni moja hajawahi kuingia chini ya gari. Injini zinaingiliana ndio, Royal ya 2.5 na Athlete ya 2.5 zote zinabeba injini ya 4GR, V6 yaani silinda sita, ila gari inavyokaa barabarani ni vitu viwili tofauti.

Anza na tairi. Royal ya kawaida inatoka na 215/60 rimu 16, Athlete nyingi hasa S zinatoka na 225/45 rimu 18. Piga hesabu hapo, namba ya pili ni asilimia ya ile ya kwanza: ukuta wa tairi ya Royal ni milimita 129, wa Athlete ni 101. Tairi zima kwa urefu zinakaribia kulingana, kwa hiyo gari haijainuka wala kushuka kwa sababu ya tairi, ila karibu sentimita 3 za mpira unaomeza jiwe zimeondoka na nafasi yake imekaa rimu. Sasa kwenye kipande chako cha Kibosho jiwe likigonga Royal linagonga mpira, likigonga Athlete linagonga rimu, na kinachofuata ni rimu kupinda, tairi kuvimba ubavuni, ukishavimbiwa hivyo hakuna kuziba ni kutupa. Ongeza shokapu na springi za Athlete ambazo Mjapani kazikaza makusudi ili gari isilale kwenye kona, mama mwenye mgongo mbovu akae siti ya nyuma. Mi kwa kesi yako sioni hata mjadala.

Nyingine zinakuja na shokapu za umeme, zinaandikwa AVS. Ni tamu sana zikiwa nzima. Zikifa bei yake si ya mchezo, na wengi wanaweka za kawaida halafu taa inabaki inawaka kwenye dashibodi. Muulize muuzaji kabla, asipojua chukua chesesi namba ukahakikishe kwa fundi.

Chalii_wa_Sakina
Fundi nakuheshimu sana ila hapa umeibana Athlete kupita kiasi. Mi ninayo na napita nayo barabara ya Moshi kila mara, toka Tengeru mpaka Boma pale gari inavyoshika barabara Royal haiwezi, Royal ukikata kona inayumba na ukikanyaga breki pua inainama, mtu anayeendesha mwenyewe umbali mrefu atachoka zaidi kwenye Royal kuliko Athlete. Siti za mbele zinakubana vizuri, usukani mzito kidogo unajua tairi ziko wapi. Na dada kasema anaendesha kila wiki, mama ni jumapili tu.

Suala la rimu lina dawa. Toa 18 weka 17 zenye 215/55, nati ni 5 kwa 114.3 sawa na Toyota kibao, spoti rimu zake zimejaa mjini. Unapata ukuta wa kama milimita 118, mawe yanavumilika. Kwa 2.5 inaingia bila shida, kwenye 3.5 jaribisha rimu moja kwanza maana breki zake ni kubwa. Ila bampa ya mbele ya Athlete nakubali, iko chini na matuta yetu mengine yamejengwa kama ukuta, lazima uyapande kimshazari pole pole.

Na kitu kimoja, Royal ni ya wazee ni maneno ya vijiweni. Ilivyofika 2018 Toyota wenyewe waliacha kutumia majina ya Royal na Athlete kwenye Crown mpya, wakabaki na bodi moja na ile ya kispoti ikaitwa RS. Kwa hiyo msichague jina, chagueni gari.

Mzee_wa_Makaratasi
Naona mnaongea chuma tu, kodi hamjaigusa na ndo inakula nusu ya bajeti ya watu. Binti yangu sikiliza. Ushuru wa forodha ni 25%, VAT 18%, hivyo haviangalii ni Royal au Athlete. Kinachobadilika ni ushuru wa bidhaa: injini ikizidi cc 2000 ni 10%, ikiwa kati ya 1000 na 2000 ni 5%. Halafu kuna ule wa uchakavu, gari ikizidi miaka 10 unaongezwa 30%, ikiwa kati ya 8 na 10 ni 15%. Na hizi zinapandiana, VAT inakuja kukaa juu ya vyote.

Sasa 4GR ni cc 2499 na Hybrid ya bodi hiyo ni cc 2493, zote kwenye 10%. Ipo moja watu wanaisahau, Athlete ya turbo yenye chesesi ARS210, iliingia Oktoba 2015 na ina cc 1998 tu. Hiyo inashuka mpaka 5% na umri wake ni mdogo kuliko za 2013. Japani inauzwa ghali zaidi, ni kweli, ila usilinganishe bei ya Japani na bei ya Japani, linganisha gari ikiwa imeshafungwa namba. Ingia kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA, weka mwaka na modeli, uone thamani wanayotumia wao, maana ukileta risiti ya bei ya chini bado watatumia ya kwao.

Mama_Njiro
Mi nasemea Hybrid kwa sababu naona mmeiruka. Mdogo wangu kama unakwenda Arusha kila wiki wese ndo litakuumiza, sio rimu. Royal Hybrid (AWS210) ina injini ya silinda nne sio V6, kwenye foleni ya kuingia mjini gari inatembea kwa umeme kimya kabisa. Mjapani kaiandika kilomita 23.2 kwa lita, kwetu huku na milima hii usitegemee hiyo, ila V6 haiikaribii. Betri iko nyuma ya siti za nyuma kwa hiyo buti inapungua, mkungu wa ndizi na magunia ya mama kutoka Kibosho utayapanga kwa akili. Na vumbi letu ni adui wa betri, tundu la kuvuta hewa liko huko nyuma, likizibwa na mfuko au vumbi betri inachemka na inakufa mapema. Lisafishwe kila sevisi, usingoje taa iwake.

Fundi_Mianzini
Mama Njiro kaongea la maana sana na naongezea upande wa injini. 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuvutia hewa hazioshwi na petroli, kwa hiyo masizi yanajijenga pale, gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama na inapoteza nguvu. Ile ya Hybrid ina nozeli za aina mbili, za ndani na za kwenye manifodi, vali zinaoshwa. 4GR pia zipo zinazokula oili ringi zikishanata, kwa hiyo ukiipata unavuta stiki mara kwa mara.

Chalii, kuhusu kona uko sahihi, sibishi. Ila barabara yenyewe vijijini mwendo ni 50, tochi ziko kila mahali, hiyo kona ya kasi ataikata wapi?

Bintiwa_Rau
Asanteni sana jamani, nimeelewa kuliko nilivyoelezwa na watu wote. Naona naegemea Royal Hybrid. Swali la mwisho, je nitafute ya kawaida au Royal Saloon G? Na nitajuaje kwamba ninachoona kwenye picha ndo kilichopo?

Fundi_Mianzini
G ni ile iliyojazwa, siti za umeme, mara nyingi ngozi, nyingi zina na swichi za nyuma za abiria kwenye mkono wa siti. Kwa mama ile siti ya nyuma ni raha, ila angalia G nyingi zinakuja na rimu 17, bado sio mbaya. Kama tofauti ni ndogo chukua G, kama inakula hela ya kubadili tairi na sevisi ya kwanza achana nayo, chukua ya kawaida iliyo safi.

Omba karatasi ya mnada, picha ya kibati cha chesesi, picha ya ubavu wa tairi usome saizi mwenyewe, na picha ya siti ya nyuma na lile tundu la hewa. Redio jua mapema kwamba ya Japani FM yake inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, utaweka kifaa cha kubadili masafa. Na skrini itakuwa Kijapani, hata ya AC. Ukipata mbili tatu weka chesesi hapa tuzipitie kabla hujatuma hela.