Nahama Uyole, Mbeya, kwenda Iringa mwezi wa sita: hili kabati na haya mahindi nayafanyaje?

MamaPacha_Uyole

Habari za jioni wapendwa. Baba watoto alihamishiwa kazi Iringa, ameshapanga nyumba Kihesa, na sisi tunamfuata shule zikifungwa. Yeye atakuja siku ya kupakia tu. Kufunga nyumba yote ni juu yangu na dada wa kazi.

Nguo na vyombo havinisumbui, shangazi kaja ninazo za kutosha na maboksi naokota dukani kwa mangi. Shida yangu ya kwanza ni kabati la vyombo. Ni la mninga, milango ya vioo, fundi alilitengenezea humuhumu sebuleni, halafu mwenye nyumba akaja kuweka mlango wa grili. Sasa halitoki. Nimepima kwa futi kamba, linazidi uwazi wa mlango kwa upana wa vidole vinne. Baba watoto anasema uza. Mwenye nyumba kasikia, kaja mbio na bei ambayo hata stuli ya jikoni siuzi.

Halafu mahindi. Tuna gunia sita za shambani kwetu na debe kadhaa za maharage. Jirani ananiambia nitalipishwa ushuru kila geti, Mbarali, Makambako, Mafinga, mpaka bora ningeyagawa. Ni kweli?

Na gari. Kuna mwenye kenta hapa Uyole na mwenye Fuso kule Mwanjelwa. Wa Fuso bei yake nzuri, ila atachanganya na mzigo wa mtu anayeshukia Mafinga.

Mtoto mmoja yuko darasa la nne. Msinielekeze kwenye kampuni za kuhamisha watu za Dar, hela hiyo sina.

Dereva_Nyanda

Mama, pole na majukumu. Njia hiyo naipita kila wiki na mzigo, nikujibu ninayoyajua.

Jirani anakutisha kwa mambo ya zamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mtu anayetoa mazao halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru kama hayazidi tani moja. Gunia sita za kilo mia ni kilo 600, weka na maharage yako, bado hujaifikia tani. Ila elewa kwamba kijana wa geti haoni kilo, anaona gunia. Ukizitandika chini ya makochi na magodoro hawezi kuzihesabu, ataanza kukuambia shusha, na hapo ndipo watu wanapotoa hela ili mambo yaishe. Gunia zipangwe mwanzo, nyuma ya kebini, zisimame safu moja ambayo ukifunua pembe ya turubai zinahesabika zote. Na mzigo mzito pale ndipo mahali pake hata bila habari ya geti, gari linatulia.

Kuhusu Fuso, mimi sina ugomvi na kuchanganya mzigo. Muulize swali moja tu: nani anapakia kwanza? Mafinga unaifikia kabla ya Iringa. Kwa hiyo vitu vya huyo mwenzio vinatakiwa viingie mwisho, mlangoni. Kama yeye keshapakia jana yake halafu ndio wanakuja kwako, basi jua pale Mafinga makochi yako yatashushwa barabarani, usiku, kwenye baridi ile, ili vyake vitoke. Kioo cha kabati kinavunjikia hapo, siyo kwenye mwendo.

Na muulize anabeba nini. Gari lolote la kuanzia tani tatu na nusu, uzito wa gari na mzigo wake, linaingia mizani, iwe pale Makambako au Wenda. Vitu vya nyumba havizidishi Fuso hata ukiweka na mawe ya kusagia. Ila mwenzio akiwa na saruji au bati, gari likizidi, faini ni ya tajiri wa gari lakini kukaa pale kuanzia mchana mpaka giza ni kwako na watoto.

Friji isimame, usikubali waliulaze hata wakikuambia ni pafupi. Ikibidi kulazwa, mkifika lisimame masaa mengi kabla ya kuchomeka. Mtungi wa gesi ufungwe koki, uvuliwe regyuleta, usimame nyuma kabisa penye hewa. Nati na bolti za vitanda zitie kwenye soksi, soksi ifungwe kwenye ubao wa kitanda hichohicho. Turubai lazima hata kama mwezi wa sita hakuna mvua, kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori.

Tokeni alfajiri. Ule mteremko wa Inyala uupite mapema, malori yakishajaa pale ni kunyatia tu.

Kisura_wa_Kihesa

Kamwene mama, karibu kwetu.

Hilo kabati usiuze, na huyo mwenye nyumba mwambie limeshapata mteja. Lisogeze kutoka ukutani uangalie mgongo wake. Makabati mengi ya mafundi wetu yanakuwa mawili: la chini lenye droo, na la juu lenye vioo limekalishwa tu juu yake, limeshikwa na skrubu mbili tatu kwa nyuma. Mgongoni wanapiga plaiwudi kwa misumari midogo ili lionekane kitu kimoja. Bandua plaiwudi taratibu kwa bisibisi, utaona skrubu. Likikataa hapo, basi grili ndiyo itoke. Mlango wa grili unanyanyuliwa kwenye bawaba zake, hauna uchawi, na ukishatoka unapata zile inchi zako.

Vioo vya milango vitoe, uvifunge kwenye blanketi, usafiri navyo wewe mwenyewe kwenye basi.

Mahindi sasa. Mimi nisingebeba gunia zote sita. Huku siyo Dar, mahindi ya Ismani na Kilolo yanaingia mjini tele, na mwezi wa sita ndio watu wanavuna. Beba mawili ya kuanzia, manne uza hukohuko, nafasi hiyo weka mchele. Mchele wa Usangu huku tunaununua kwa kujuta. Kama dereva ni muungwana asimame Igurusi au Chimala uchukue.

Kingine ambacho hujauliza. Kabla baba watoto hajamalizia kodi, apate namba ya mita ya Luku ya hiyo nyumba, anunue umeme wa elfu mbili tu. Kama mpangaji wa nyuma aliacha deni, risiti itaonyesha limekatwa. Afadhali mlijue deni hilo mapema, mgombane na mwenye nyumba akiwa bado anasubiri hela yenu. Na hapo Uyole acheni kununua umeme mwingi, yuniti hazihami na ninyi. Maji pia, bili ya mwisho ilipwe na karatasi yake uitunze, mwenye nyumba wa aina hiyo akikukosa kwenye kabati atakutafuta kwenye maji.

Kijana_wa_Forest

Uza vyote, nunua vipya Iringa. Kuhama na makorokoro ni ushamba.

MamaPacha_Uyole

@Kijana_wa_Forest tuma hela mwanangu, namba ninakutumia sasa hivi.

Mwl_Ipogolo

Mama Pacha, watu wamekazana na kabati, mimi nakurudisha kwa mtoto wa darasa la nne. Ana upimaji wa taifa mwaka huu, unafanyika kuelekea mwisho wa mwaka, lakini orodha za watahiniwa zinaandaliwa mapema zaidi. Usisubiri shule zifungwe ndio ukaanze kuulizia uhamisho, mwalimu mkuu naye anasafiri likizo.

Baba yake aende shule ya Kihesa wiki hii hii aombe nafasi. Akikubaliwa, wewe hapo Uyole unamwona mwalimu mkuu kwa barua ya uhamisho, na uhakikishe mtoto amehamishwa kwenye mfumo kwa namba yake ya PREM, ile namba ya usajili wa mwanafunzi. Barua peke yake haitoshi. Tunapokea watoto wenye barua nzuri kabisa mkononi na kwenye mfumo bado wako shule ya zamani, mzazi anaanza kupiga simu Mbeya mwezi wa nane. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hizo barua visiingie kwenye gari la mizigo, vikae kwenye mkoba wako.

Na serikali ya mtaa chukua barua ya utambulisho. Mwenyekiti wa huku atakuuliza umetoka wapi.

MamaPacha_Uyole

Ndaga fijo nyote. Mwalimu, asante, baba yake anaenda Jumatatu.

Kabati nimelisogeza jana na dada. Kisura, ulijuaje? Skrubu nne, plaiwudi imetoka bila kupasuka, la juu limeshuka na sasa liko kwenye zulia. Mwenye nyumba kapita dirishani, kaangalia, hajasalimia.

Mahindi nimekusikia lakini nabeba yote. Haya nayajua, nimeyapukuchua na kuyaweka dawa kwa mkono wangu, ya sokoni sijui yameshinda ghala la nani. Mchele nitachukua Igurusi kilo chache nafasi ikibaki.

Nimempigia wa Fuso, nimemuuliza nani anapakia kwanza. Akaanza "mama usijali". Nikamwacha, nimechukua kenta ya hapa Uyole.

Dereva, nina kuku wanane wa kienyeji. Wanapandaje?

Dereva_Nyanda

Hapo kwenye "usijali" umefanya vizuri.

Kuku mpitie afisa mifugo wa kata, uulize kibali cha kuwasafirisha, usingoje kuulizwa njiani. Wakae kwenye tenga, siyo boksi, na tenga liwe juu nyuma, nje ya turubai, maana moshi chini ya turubai unawaua kabla hata ya Makambako. Usiwalishe asubuhi ya safari. Jogoo mfunge miguu.

Na mwenye kenta uandikishane naye: bei ni mpaka mlangoni Kihesa, siyo mpaka Ipogolo. Barabara kuu inapita kule chini, mji uko juu, na kuna madereva wakifika pale Ipogolo wanaanza kudai hela ya kupandisha mlima. Wapakiaji wa Uyole unawalipa wewe, washushaji wa Iringa muulize kama wamo kwenye bei yake.