Tupeane uzoefu: Landrova za zamani Kanda ya Ziwa, uliipata wapi na imekufanyia nini?

Ng'wana Magu:
Wakuu, habari za jioni. Kila nikipita na gari langu Buzuruga au Nyakato lazima mtu anisimamishe aniambie "baba alikuwa nayo hii". Sasa nyie wa "baba alikuwa nayo", karibuni hapa, na sisi tulionazo bado tuseme yetu. Naanza.

Yangu ni Series III (toleo la tatu), 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), ya 1976. Niliikuta vijijini Magu kwa mayu (mama) mmoja mjane, mumewe enzi zake alikuwa akizungukia vituo vya kununulia pamba. Gari lilikuwa limelala chini ya mkuyu miaka 11, na mayu alikuwa anaanikia michembe (vipande vya viazi vitamu vya kukausha) juu ya boneti. Nilipomuuliza kwa nini hapo, akasema bati lile halitii viazi kutu. Kweli kabisa. Bodi ya Landrova ni aluminiamu. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita, wakaona bora bodi waifunge aluminiamu. Mayu hakuhitaji historia hiyo, viazi vilimwambia.

Bei tulielewana ndani ya saa moja. Karatasi zikanila miezi saba. Kadi ilikuwa ya marehemu, watoto wanne, kila mmoja na mji wake, na mirathi haikuwahi kufunguliwa. Ikabidi wakae kikao cha ukoo, waende mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi, ndipo tuanze habari ya kubadilisha jina. Yule wa Geita alikuwa akisema ndiyo kwenye simu na hapana kwenye kikao. Ushauri wangu: usitoe hata mia kabla hujaishika barua ya msimamizi mkononi. Halafu namba ya chesisi usiisome kwenye kibao tu. Nenda mbele kulia, pale springi inaposhika chesisi, sugua kwa brashi ya waya na dizeli kidogo, utaikuta imegongwa kwenye chuma. Ilingane na kadi.

Siku ya kuchukua gari mayu akaniambia boneti haiendi. "Gari umenunua, boneti ya michembe yangu." Wanawe walicheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Nimeingia Mwanza gari likiwa juu ya lori, injini ikiwa uchi. Mpaka leo natafuta boneti.

Kayabo:
Mkuu pole, ila umepata la kucheka. Mimi langu la kulia. Nilinunua 109 pickup Kirumba, rangi imekolea, taa zinawaka, tairi mpya. Muuzaji hakuniambia ilikuwa inabeba nini. Ilikuwa inabeba kayabo. Wasioujua, huo ni sangara aliyetiwa chumvi. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye sakafu, yanaingia ndani ya chesisi, yanakaa humo. Juu aluminiamu inang'aa, chini chuma kinaliwa kutokea ndani. Watu wanasema gari la huku halina kutu kama la Tanga au Dar kwa sababu ziwa halina chumvi. Sawa, lakini samaki wanatiwa.

Wiki ya tatu nikiwa Igoma nikasikia kitu kinaburuzika. Bomba la nyuma la chesisi, lile linaloshika ndoano ya kuvutia, limekatika upande mmoja.

Sasa hivi nikienda kuangalia gari nabeba nyundo ndogo. Gonga chesisi taratibu kutoka mbele mpaka nyuma. Ikilia "ngo", endelea. Ikilia "pu", mshukuru muuzaji kwa chai, ondoka. Angalia pia sakafu pale dereva anapoweka miguu na vile vikono vinavyotoka kwenye chesisi kushika bodi. Rangi usiiangalie kabisa.

BJ40:
Wenye Toyota tunaruhusiwa? Land Cruiser yangu ni ya 1979, dizeli lita 3, Bukoba kwenda na kurudi haijawahi kunilaza njiani. Sina simulizi. Ndiyo simulizi yenyewe.

Ng'wana Magu:
@BJ40 karibu mkuu, kaa hapo nyuma usiguse kitu.

Waya Mwekundu:
Series IIA, 1964. Niseme hili liwasaidie wengine. Nilinunua redio ya flashi, nikampelekea fundi umeme kijana, mzuri tu, kazi zake nazijua. Akaunga kama anavyounga kila gari. Ukatoka moshi kwenye dashibodi, redio ikafa kabla haijaimba hata neno.

Tukalaumiana pale karibu tuvunje urafiki. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tairi akinywa kahawa akasema, "Hiyo chanya iko kwenye bodi." Akarudi kwenye kahawa yake. Kumbe zile za zamani, mpaka katikati ya miaka ya 60 hivi, betri imefungwa kinyume: chanya inakwenda kwenye bodi, hasi ndiyo inayotembea kwenye waya. Kwa hiyo ganda la redio likigusa bodi, umeshachoma.

Tuligeuza. Betri ikageuzwa, waya mbili za koili zikabadilishana nafasi, na za geji ya chaji vilevile. Dainamo nayo lazima uifundishe upya: unachomoa waya kwenye tundu la F, unagusisha hapo waya kutoka kwenye chanya ya betri, mara moja tu, cheche, umetoa. Usipofanya hivyo itachaji kinyume. Starta haijali, inazunguka upande uleule. Nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye boksi la betri: HASI KWENYE BODI. Atakayekuja kuinunua asipigwe na moshi.

Sato wa Igombe:
Mimi gari sina, nakusanya vitu vyake. Mke wangu anasema ningeshanunua gari kwa hela hiyo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ile wavu ya mbele ya Series II, ya waya. Nilikuwa Igombe nakula sato wa kuchoma, nikaona mchomaji kamlaza samaki kwenye wavu yenye umbo ninalolijua, hata matundu ya taa yapo. Zamani taa zilikaa katikati humo kwenye wavu, mwisho wa miaka ya 60 ndiyo wakazihamishia kwenye madigadi. Nikamwambia, unauza wavu hii? Akashangaa. Nikamnunulia mpya dukani, kubwa zaidi, tukabadilishana. Tena nilimfanyia hisani, ile ina zinki juu yake, si ya kupikia. Nimeiosha mara sita bado inanuka sato.

Kuna na kibandiko cha yai kilichoandikwa Solihull, Warwickshire, England, nilikiokota kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wakuu, huko ndiko zinakokwenda. Milango, madigadi, vinapimwa kwa kilo, vinayeyushwa vinakuwa sufuria. Huenda wali wako wa leo umepikwa ndani ya Landrova.

Mjukuu:
Ya guku (babu) bado tunayo, haiwaki. Mwaka 1978 ilichukuliwa kwenda vitani Kagera, ikarudi mwaka uliofuata ikiwa na giaboksi si yake. Mwezi jana fundi alikuwa anasugua mlango apige rangi, chini ya kijani na chini ya krimu ikatokea namba nyeupe iliyochorwa kwa brashi, imepinda. Nilimnyang'anya msasa. Ule mlango utabaki hivyohivyo.

Tunayo na hendeli yake ya kuwashia. Guku alitufundisha kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usizungushie. Injini ikirusha nyuma inavunja mkono. Baba mdogo hakusikia, mpaka leo kiganja chake kina kona.

Busisi:
88 yangu, ile fupi, ilivunjika hafushafti (chuma kinachozungusha gurudumu) ya nyuma nikishuka kwenye kivuko, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Magari nyuma yanapiga honi. Nikageuza vitasa vya magurudumu ya mbele, nikakandamiza kirungu cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, ikavutwa na miguu ya mbele mpaka Sengerema. Na msitumie spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi jamani, inaingia lakini inakula kona. Nunueni za inchi.

Sato wa Igombe:
@Ng'wana Magu nimepita leo kwa wale wa chakavu. Kuna boneti ya Series III, ya bapa, ina tundu moja la risasi au la msumari. Nimewaambia wasiiyeyushe mpaka Jumamosi.

Ng'wana Magu:
Nakuja Ijumaa. Na usimwambie mayu.